Joka Lililoomba Moto

Shida zilinianza mwaka 1951, nikiwa na miaka ishirini. Ng'ombe wa baba waliugua wakaisha zizini, baba naye hakukawia kuwafuata, na mimi nikabaki na jembe, blanketi na mdomo mkubwa. Juu ya hayo nikampenda binti wa mtu. Tena si mtu hivi hivi: mzee wa kanisa, kwenye misheni ndogo ya vilimani, upande wa Kilolo. Baba yake alinitazama kuanzia miguuni, kwa sababu viatu havikuwepo, akasema:

"Kijana, mimi simpi mwanangu mtu asiyebatizwa. Ukibatizwa, njoo. Kabla ya hapo usipite hata njia yangu. Pita ya mbuzi."

Ndivyo nilivyoangukia mikononi mwa Mwalimu.

Nasema Mwalimu, lakini usifikiri mwalimu wa shule. Shule nilikaa mwaka mmoja na kitu, nikajua kuandika na kusoma mizani, na hayo mawili yamenitosha. Waliosoma zaidi yangu nimewaajiri. Huyu alikuwa mwalimu wa dini, katekista. Sisi tuliotaka ubatizo asubuhi tulilima shamba la ngano la misheni, mchana tukaingia kwenye banda la nyasi kufundishwa. Alikotoka sijui, na ukoo wake sikuuliza. Kwetu mtu akija na kazi yake, inatosha.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetangulia mbele kama mtu anayechungulia dirishani. Koti lake lilikuwa la jeshi, lililobaki vitani, na mifukoni mwake mlikuwa na kila kitu: chaki, rozari, spana, kipande cha muwa. Alikuwa na baiskeli, na kwa muda wote ule sikumwona akiipanda hata siku moja. Aliikokota. Ukimwuliza, anakujibu, "Tunasindikizana."

Alitufundisha kusamehe saba mara sabini, yeye mwenyewe akashindwa kumsamehe mbuzi mmoja wa jirani aliyekula kofia yake. Wakikutana njiani anageuza uso. Ulanzi, pombe ya mianzi, alikuwa haonji, anasema unamharibia sauti, lakini mianzi ikianza kutoa anakuwa wa kwanza kujua ya nani imekatwa vizuri na ya nani inatoa siki. Na jambo la kuchekesha kuliko yote: mtu huyu, ambaye nitakueleza majoka aliyoyafuga mdomoni mwake, alikuwa anaogopa kinyonga. Siku moja kinyonga alipanda kwenye ubao wetu taratibu, mguu mmoja, anafikiri, mguu wa pili. Mwalimu alikatisha Baba Yetu kwenye "mkate wetu" akatoka nje, na somo likaendelea yeye akiwa dirishani.

"Mwalimu, ni kinyonga tu!"

"Najua ni kinyonga. Ndiyo maana niko huku."

Sasa majoka.

Kanisani ukutani palikuwa na picha ya Mtakatifu Mikaeli amelikanyaga joka, mkuki tayari. Padri aliileta kutoka kwao Ulaya, na alituambia tuitazame tujue mwisho wa Shetani. Siku yangu ya kwanza Mwalimu alitusimamisha mbele ya picha ile. Mimi nikategemea kusikia habari za Shetani. Yeye akanyoosha kidole.

"Hesabuni mbavu."

Tukatazama. Kweli, mbavu za joka zilikuwa zinaonekana zote.

"Huyu ana njaa," akasema. "Kabla hujaogopa kitu, uliza kimekula nini."

Basi, kuanzia hapo hatukupona. Hadithi za joka tulikuwa tumezikuta kwa bibi zetu: joka linameza kijiji, shujaa anakuja na upanga, anapasua tumbo, watu wanatoka na ng'ombe wao. Majoka ya Mwalimu hayakuwa hivyo. Alikuwa na joka la vichwa saba, lakini vichwa vyenyewe haviwezi kula mtu kwa sababu ni lazima kwanza vikae baraza, na kimoja huwa kinaumwa jino. Mpaka vielewane, yule mtu ameshavuka mto amefika kwake na amepika. Alikuwa na joka jike lililoolewa kijijini, mama mkwe wake analalamika kila siku kwamba mkwe gani huyu, akipuliza jiko anaunguza ugali na nyumba. Alikuwa na joka lililokesha likilinda mbegu za ulezi badala ya dhahabu, kwa sababu, alisema, dhahabu nani atakula.

Kubwa kuliko yote lilikuwa joka lisilo na moto.

Hili halikuzaliwa na moto tumboni. Moto lilikuwa linaomba. Kila alfajiri ya baridi linateremka kutoka msitu wa mlimani, limeshika kigae mkononi, kama jirani yeyote ambaye moto wake umezimika, linapiga hodi. "Hodi wenyewe, naomba kaa." Na kwetu huwezi kumnyima mtu moto, unaweza kumnyima chumvi, moto hapana. Basi linapewa. Linameza kaa lile, linarudi msituni na moshi puani, wageni wakiliona kwa mbali wanakimbia wanapiga kelele, joka linatema moto! Wenyeji wanacheka: ule si moto wake, ni wa mama fulani.

Mwalimu alikuwa anajua hata lilivyokuwa linasalimia. "Kamwene," kwa sauti ya chini, ili lisiamshe watoto.

Mimi sikupenda. Nasema kweli. Mimi nilikwenda pale kutafuta mke. Kila mchana nikawa nainuka kwenye benchi nauliza:

"Mwalimu, hili joka linakufa lini?"

"Una haraka gani na mauti ya mwenzio?"

"Hadithi ya joka lazima joka life."

"Nani kasema?"

"Kila mtu!"

"Basi kamsikilize kila mtu. Hapa unanisikiliza mimi."

Kulikuwa na bibi mmoja darasani, mzee kuliko sisi wote, aliyekuja kubatizwa ili akazikwe karibu na mumewe. Bibi huyu ndiye aliyenizima. Aligeuka akaniambia, "Wewe kijana, kaa chini. Huoni mwenzio yuko njiani na kigae, na baridi yote hii?" Darasa zima likacheka, nikakaa.

Padri wetu alikuwa mzee wa Kizungu, mtu mwema, mkali, Kiswahili chake amekitoa vitabuni na kimenyooka kama fimbo. Katikati ya majira ya baridi, ngano ikiwa inakauka shambani, akatuita kwa mtihani wa dini. Wanaofaulu wangebatizwa mavuno yakiisha. Na mimi baba wa binti alikuwa ameniwekea mpaka: ubatizo huo nikiukosa, anamkubalia seremala posa yake. Kulikuwa na seremala, ndiyo. Amebatizwa tangu utotoni, na alikuwa ameshachonga kitanda. Watu walikuwa wanakwenda kukitazama.

Niliingia wa kwanza. Mungu mmoja, nafsi tatu, nikajibu. Amri kumi, nikazitiririsha. Padri akafurahi. Akageukia picha ukutani akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kumalizia tu:

"Na joka huyu ni nani?"

Nakwambia, akili yangu ilijua jibu. Mdomo ndio ulikuwa umeshakaa sana na Mwalimu.

"Ni jirani, Baba. Amekuja kuomba moto."

Padri akavua miwani. Akaifuta. Akamwita bibi.

"Mama, joka ni nani?"

"Yupi Baba? Huyu wa moto, au yule anayeumwa jino?"

Mtihani uliishia hapo. Hakuna aliyefaulu, hata wale ambao hawajaulizwa.

Padri alimwita Mwalimu mbele yetu, sauti haikupanda lakini kila neno lilisimama peke yake. "Jumapili, baada ya Misa, utasimama mbele ya watu wote. Utamwua mnyama huyo. Watu wasikie kwamba amekufa. Jumanne nitawauliza tena. Usipofanya hivyo, hawa hawabatizwi, na wewe utafute kazi nyingine."

Mwalimu akasema, "Ndiyo, Baba," akaenda kuikokota baiskeli yake.

Nilimfuata mpaka kwake. Nilimkuta amekaa kizingitini anakaza mnyororo uliokuwa umekazwa tayari.

"Mwalimu, liue."

Akauzungusha mnyororo.

"Naomba. Mimi nataka mke. Yule seremala ana kitanda, Mwalimu! Mimi nina ubatizo tu, na hata huo sijaupata."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua. Ni nyoka wa mdomo. Halina mama, halina ndugu."

Akaweka spana chini. "Kuua ni rahisi," akasema. "Lakini nikishaliua, kesho yake nitawaambia nini?"

"Waambie amri kumi."

"Mmm," akasema, akarudi kwenye mnyororo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, maana habari zilikuwa zimetembea. Baba wa binti alikaa mbele. Seremala alikuwepo, amevaa tai. Binti mwenyewe alikaa upande wa wanawake, hakunitazama, na mimi nilijua kwa nini hanitazami: kabla ya Misa alinipitia karibu akanong'ona, "Ukishindwa mimi silali kwenye kile kitanda, nakimbilia Iringa kwa shangazi. Jua hivyo." Nikajua hivyo.

Mwalimu akasimama chini ya picha. Hakupandisha sauti.

Alisema joka liliteremka siku ya baridi kali, ukungu umefunga, umande umegeuka barafu kwenye majani. Lilikuwa na kigae chake. Likafika nyumba ya kwanza: "Hodi wenyewe." Kimya. Moshi unatoka paani, watu wamo, wamefunga mlango. Likaenda ya pili. "Kamwene, naomba kaa." Mtoto akataka kufungua, mama akamzuia. Maana watu walikuwa wameambiwa kwamba anayepita alfajiri ni adui. Likaenda nyumba hadi nyumba. Kila mlango lilipiga hodi vizuri, kwa adabu, na kila mlango likasema "asante" kama vile limepewa. Mwisho likafika kanisani. Mlangoni alikuwa amesimama Mtakatifu Mikaeli na mkuki wake.

Mwalimu akautazama mkuki pichani.

"Mkuki haukuhitajika," akasema. "Lilikuwa limeshapoa. Limekufa. Tuombe."

Tukaomba. Padri akaitikia kwa kuridhika. Watu walipoinuka, bibi yule akauliza kwa sauti, palepale:

"Limezikwa wapi?"

"Sijui, Bibi," Mwalimu akajibu. "Mimi niliagizwa kuliua tu."

Sasa ngano ilikuwa imekauka, ndege wamejaa, na Jumatatu ilikuwa siku ya kuanza kuvuna. Padri alitoka asubuhi na kofia yake ya jua akafika shambani. Hakukuwa na mtu. Mundu hakuna, wimbo hakuna, ni ndege wanakula kwa nafasi.

Akateremka kijijini, akatukuta. Wanawake wamefunga khanga viunoni wamekaa chini nyumbani kwa bibi yule, wengine wanafika na unga kwenye vikapu. Sisi wanaume tumekaa kwenye magogo tumezunguka moto uliowashwa nje, tunazungumza kwa sauti ya chini. Hata baba wa binti alikuwepo, tena ndiye mzee wa msiba. Seremala alikuwepo. Mimi niliyetaka life nilikuwepo. Ningekaa wapi peke yangu?

Padri akavua kofia mara moja. "Poleni. Nani amekufa?"

Mzee wa kanisa akainuka kwa heshima. "Joka, Baba."

Padri akadhani hakusikia. "Nani?"

"Joka, Baba. Jana. Na wewe ulikuwepo."

"Lakini yule alikuwa adui!"

"Ndiyo, Baba. Hata adui akifa kijijini, hatulimi."

Padri akageuka rangi mara mbili tatu. "Lakini si mtu wa kweli! Ni hadithi!"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Baba, tuliufunga mlango au hatukuufunga? Kila mtu hapa jana usiku ameuangalia mlango wake. Mwenye kosa hayupo, lakini kwenda shambani leo ni vibaya."

"Na msiba huu utakwisha lini?"

"Tunasubiri ndugu zake. Wanatoka mbali."

Nilimwona Padri akitazama juu kule shambani, wingu zima la ndege likishuka. Akaita kwa nguvu: "Mwalimu!"

Mwalimu alikuwa nyuma yetu na baiskeli yake. Akasogea.

"Mwalimu, lifufue."

"Baba," Mwalimu akasema kwa upole, "mimi ni katekista. Kufufua kuna Mwenyewe."

Wanawake walikuwa wa kwanza. Walianza kama wanakohoa, mmoja akaficha uso kwenye khanga, halafu ikapasuka. Tulicheka mpaka magogo yakatikisika, na katikati ya kucheka kuna waliokuwa wanalia, wanajifuta. Padri alisimama kama mlingoti. Halafu akakaa. Akakaa kwenye gogo, karibu na seremala, na mabega yake yakaanza kutikisika. Akamtuma mpishi wake nyumbani, akaleta chumvi, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili kama mtu yeyote anayetoa rambirambi. Mzee wa kanisa akapiga makofi ya shukrani akatangaza: mwenye misheni ametoa pole, ndugu wa mbali watatukuta kazini, msiba umefungwa. Saa nane tulikuwa shambani wote, na nakwambia hatujawahi kuvuna kwa kasi kama siku ile.

Jumanne akaniuliza. "Joka ni nani?"

"Ni Shetani, Baba. Na amekufa. Na poleni sana."

Akanipitisha. Siku ya ubatizo akanichagulia jina mwenyewe, Mikaeli, na aliponimwagia maji niliona anajizuia. Mwalimu alinishika mkono nje akasema, "Hongera," halafu akasema, "Pole." Nilioa kabla mvua hazijaanza. Seremala nilimlipa heshima yake, tulinunua kwake stuli.

Lakini Mwalimu hakusimulia tena. Padri hakumkataza, nadhani angemruhusu, kuna siku nilimsikia akimwuliza, "Na yule wa vichwa saba, jino lake?" Mwalimu akajibu, "Sijui, Baba, sijapata habari zake." Alitufundisha amri kumi, zikabaki kumi. Banda lile likawa na usingizi. Baada ya mwaka hivi aliaga, akaenda upande wa Mbeya. Aliondoka akiikokota baiskeli, na masanduku juu yake.

Mimi nikaendelea na maisha. Nikawa utingo wa lori, nikajifunza kuendesha kwa kutazama, nikabeba viazi na pareto mpaka nikaaminiwa lori zima. Kama miaka miwili kabla ya Uhuru nilipeleka mzigo Mbeya, mke wangu nimempakia mbele, na pale sokoni nikaona koti la jeshi limetanguliwa na shingo.

"Mwalimu!"

"Mikaeli! Mkuki uko wapi?"

Akatuchukua mpaka kwake, nje ya mji, penye migomba. Na huko ndiko nilipokuta ajabu: ameoa. Mjane wa Kinyakyusa, mnene, mcheshi, sauti inatangulia nyumba. Alitupa ndizi za kupika na maziwa, na hakumruhusu mumewe kumaliza sentensi hata moja. Kumbe mama yule ndiye msimuliaji wa kitongoji kile. Majirani wanakuja mchana kumsikiliza akimenya ndizi, na Mwalimu anakaa upande, anamenya naye, anacheka kabla ya mahali pa kuchekea.

Siku ile alikuwa anasimulia joka la ziwani, kwenye ziwa lililo juu ya mlima. Akaanza hivi: "Lilikuwepo joka, likafa."

Nikadhani amekosea. "Mama, limekufa tayari?"

"Limekufa. Kwani wewe ulitaka lifanye nini?"

"Na hadithi?"

"Baba, hadithi ndiyo inaanza! Nani anarithi ziwa? Nani anawarithi wake zake? Ngozi anavaa nani? Kuna mdogo wake mmoja mvivu, huyo ndiye shida yenyewe, msikilize sasa." Na akaendelea mpaka jua likapinda, joka limekufa tangu neno la kwanza na kijiji kizima hakijapata usingizi kwa ajili yake.

Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Tulipokuwa tunaaga, akamwuliza Mwalimu, maana yeye haogopi kuuliza: "Mwalimu, kwa nini ulinyamaza kule kwetu? Ulimkasirikia huyu?" Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu? Hapana. Huyu alitaka mke, akasema anataka mke. Wangapi wanasema?" Akafuta mikono yake yenye utomvu wa ndizi kwenye koti. "Nilinyamaza kwa sababu niliamini hadithi imekwisha. Nilikuwa nasimama mbele yenu kila siku nawafundisha kwamba kufa si mwisho, nawakaririsha mpaka mnasinzia. Halafu joka langu likafa, nikafunga mdomo. Mwanamke huyu alipoanza kwa 'likafa', siku ya kwanza nilipomsikia, niliona aibu mpaka masikioni. Nikasema huyu ndiye katekista. Nikamposa."

"Alikuja kuposa na baiskeli mbovu," mama akapaza kutoka ndani. "Hata kuipanda hajui!"

"Sijui," Mwalimu akakubali, kwa furaha kabisa.

Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Mimi leo nina nyumba ya tofali za kuchoma pale Kihesa, bati jipya. Nina shamba la mahindi na la miti kule Kilolo. Nina ng'ombe wa maziwa. Nina mashine ya kusaga, na lori moja zima na jingine la kutoa vipuri. Nina watoto, wote wamebatizwa, hakuna anayenisikiliza. Mke nilitaka kumwandika hapa, amesoma juu ya bega langu akasema yeye si mali, nimfute. Nimemfuta.